Gobori Begani, Bastola Chini ya Kiti

Mjomba wangu alikuwa na bastola. Nikisema hivyo watu huinua nyusi, kumbe haikuwa ya magendo: ilikuwa na leseni yake, polisi waliijua, na nyumbani sote tuliijua. Mjomba alikuwa akinunua asali na karanga vijijini, upande wa Urambo na Kaliua, na kuzileta Tabora mjini. Wenye asali wake hawakutaka habari za benki, walitaka noti mkononi. Kwa hiyo alisafiri na fedha, na anayesafiri na fedha porini huanza kuiona miti kama watu.

Mwanzoni bastola ilikaa nyuma ya kiti, ndani ya sanduku la spana. Baada ya muda nikaikuta kwenye droo ya dashibodi. Nikamuuliza, "Mjomba, mbona imehama?" Akanijibu bila kuniangalia, "Jambazi hatangoja nifungue sanduku." Maneno ya kweli hayo. Silaha usiyoweza kuifikia ni chuma tu. Lakini msimu haukwisha, droo nayo ikawa mbali. Bastola ikahamia chini ya kiti, halafu chini ya paja lake, imefunikwa kwa kitambaa cha kufutia kioo. Nilikuwa kidato cha pili, nakaa kiti cha pembeni wakati wa likizo, na nilianza kugundua kwamba kadiri chuma kile kilivyomsogelea, ndivyo mjomba alivyozidi kunyamaza njiani. Zamani alikuwa akipunga mkono kila penye mtu. Sasa alipandisha vioo.

Ndugu msomaji, swali lililonileta kwenye makala hii ni hilo: silaha ya msafiri ikishakuwa karibu na mkono wake, inamlinda au inamgeuza? Nimelitafuta jibu katika historia ya njia ileile tuliyokuwa tukipita na mjomba, maana watu wameipita na silaha kwa zaidi ya miaka 150.

Njia yenyewe ndiyo ile ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,200. Ilikanyagwa na wabeba pembe na kwa watumwa pia, na hilo tusilisahau tunapopiga picha chini ya miembe ya Kwihara. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe Pwani kwa miguu yao wenyewe, na Waarabu na Waswahili wakaja kujenga matembe yao Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, ndani ya Tabora ya leo. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka Pwani.

Waliingiaje? Kwa milio ya bunduki. Msafara ukikaribia mji, wapagazi walivaa nguo zao nzuri, pembe zikapulizwa na baruti ikapigwa hewani. Mlio ule ulikuwa hodi. Ulisema: tumefika, tuko wengi, na tunazo. Hata jina la Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara ambaye baba yake aliishi Tabora, ni la mlio: wengi husema aliitwa Tippu Tip kwa sauti ya bunduki zake, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu ya kupepesa macho.

Bunduki yenyewe ilikuwa gobori au gumegume, na kijana wa leo aliyezoea sinema za mapigano aelewe ilivyofanya kazi. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu. Unasindilia kitambaa kwa mti. Unatia risasi, unasindilia tena. Unatia baruti kidogo pale pembeni ambapo jiwe litatoa cheche. Kisha unaomba Mungu mvua isiwe imepita. Ukikosa shabaha, unaanza upya, na adui mwenye mkuki hakusubiri. Ndiyo maana gobori lilitembea begani, likionekana kwa wote. Halikuwa silaha ya kufichwa wala ya kuchomoa haraka. Kazi yake kubwa ilikuwa kumzuia mtu asianze.

Mambo yalibadilika bunduki zilipoongezeka. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alipotaka wafanyabiashara walipe kodi ya bidhaa, ugomvi ukazuka, na mwaka 1860 Waarabu wakamfukuza na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sele akaingia porini na kupigana nao hadi mwaka 1865. Baada yake akaibuka mtu mkubwa zaidi, Mirambo wa Urambo, aliyewakusanya vijana walioitwa rugaruga, akawapa bunduki, akachanganya na mbinu za vita za Wangoni. Mirambo alitaka njia ya Ujiji iwe chini yake. Alitaka anayepita alipe, na alitaka baruti.

Agosti 1871 Waarabu wa Tabora waliamua kumkomesha. Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajiunga nao na watu wake. Jeshi lilizidi watu 2,000, na wengi walibeba bunduki. Kikosi kimoja chini ya Soud bin Sayd kikatangulia hadi Wilyankulu, kikaingia kijijini na kukuta pembe, nguo na watu wa kuteka. Wakabeba. Mirambo hakuwa amekimbia mbali. Alijilaza na rugaruga wake kwenye majani marefu, pande zote mbili za njia, akawangoja wanarudi. Walipofika katikati, akainuka.

Hebu fikiria, msomaji. Watu wenye bunduki, wamezidiwa na mizigo ya uporaji, vichwa vimeelemewa, mikono imejaa. Soud akauawa na wengi pamoja naye, na waliosalia hawakusimama. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa silaha ya njiani: anayekuvizia ndiye anayechagua saa, wewe huichagui. Mjomba alikuwa sahihi kuhusu sanduku la spana. Lakini Wilyankulu inasema zaidi ya hapo, kwamba hata silaha iliyo begani iko mbali ikiwa mwenzako kwenye majani amekwisha kuinua yake.

Tarehe 22 Agosti Mirambo akaifuata Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, hakukubali kukaa ndani ya kuta. Akatoka na vijana wake na watumwa wake wenye silaha. Rugaruga wakarudi nyuma, wakamvuta, wakamgeukia. Watumwa wake wakamwacha, na nani atawalaumu? Khamis akafa na waliobaki naye, na sehemu ya mji ikachomwa moto.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni silaha iliyogeukia ndani. Oktoba mwaka huohuo Stanley alikuwa amepiga kambi kando ya Mto Gombe, kusini mwa Tabora, akiukwepa ukanda wa Mirambo. Wapagazi walitaka siku moja zaidi ya kupumzika, yeye akataka safari. Maneno yakawa makali. Kiongozi mmoja, Asmani, akamjia na bunduki tayari, na Stanley akamwelekezea ya kwake. Stanley mwenyewe ndiye aliyeandika habari hizi, kwa hiyo tunasikia upande wake tu. Hata hivyo hakuna aliyekufa pale, kwa sababu mwenzao mmoja alikuja kwa nyuma na kuipiga kando bunduki ya Asmani. Rugaruga hawakuwapo hapo. Ugomvi ulikuwa wa siku moja ya mapumziko, na bunduki zilikuwa karibu mno na mikono.

Na Speke je? Alivuka pori lote hadi Kazeh na kurudi, akaenda Ziwa Viktoria, akapita kwa watu wenye mikuki na watu wenye magobori, akafika kwao salama. Tarehe 15 Septemba 1864, huko Uingereza, alikuwa akiwinda ndege shambani kwa ndugu zake. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake mwenyewe ikamfyatukia kifuani. Kesho yake alitakiwa kusimama kwenye mjadala na Burton. Mtemi Isike wa Unyanyembe naye alikuwa na boma imara na baruti nyingi. Wajerumani walimshambulia mwaka 1892 bila kumweza. Januari 1893 Tom von Prince alipolivunja boma, Isike aliingia kwenye ghala la baruti na kujilipua badala ya kutekwa. Vifo hivi havifanani: kimoja ni ajali, kingine ni heshima ya mtu aliyekataa kamba. Ninaviweka pamoja kwa sababu moja tu. Katika vyote viwili, kilichomuua mwenyewe ni kile alichokiweka karibu ili kimlinde.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kwamba silaha hazikuwa na maana kwenye njia hii. Msafara usio na bunduki hata moja ungeporwa kabla ya kumaliza Ugogo. Na Mirambo asingesikilizwa na mtu yeyote Unguja kama angekuwa na mikuki mitupu. Ninachosema ni kwamba bunduki haikuwapitisha wasafiri wengi. Kilichowapitisha ni mambo matatu, nayo yote ni maneno.

La kwanza ni hongo. Ulipofika kwa mtemi ulikaa, ukajadiliana, ukatoa nguo na shanga na waya, ukapita. Lilikuwa jambo la kuchosha, wazungu wamelilalamikia kurasa kwa kurasa, lakini lilikuwa halali na lilijulikana. (Leo neno hilo bado lipo barabarani, ila limebadilisha kazi. Si mnajua wenyewe.) La pili ni utani. Mnyamwezi akifika Pwani alimkuta Mzaramo mtani wake, akatukanwa, akacheka, akapewa maji na mahali pa kulala. Wazee wanasema utani huo ulikolea kwenye safari hizihizi. La tatu ni undugu wa damu. Stanley yuleyule aliyepigana na Mirambo mwaka 1871 alirudi Aprili 1876, wakakutana, wakachanjiana damu na kuwa ndugu. Katika kumbukumbu zake anasema alishangaa kumkuta mtu mtulivu na mwenye sauti ya upole. Miaka mitano kabla, kila mmoja alikuwa amemjua mwenzake kupitia moshi wa baruti tu.

Baadaye serikali zikaingia kati. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia pwani ya Afrika Mashariki kwa mwaka. Mataifa ya Ulaya na mengine yakakutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Gumegume ziliruhusiwa kwa masharti. Bunduki nzuri zilifungiwa ghalani, na miongoni mwa walioruhusiwa kuzichukua ni msafiri mwenye hati ya serikali yake kwamba silaha ni ya kujilinda yeye mwenyewe. Usome tena polepole. Mnyamwezi aliyepita njia hiyo tangu kwa babu zake hakuwa na serikali ya kumwandikia hati hiyo. Msafiri aliyetambuliwa na karatasi ni mgeni. Miaka mitatu tu baadaye boma la Isike likavunjwa.

Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kusafiri na silaha si geni, na kila zama imelijibu kwa faida ya mwenye kalamu. Tanganyika huru na baadaye Tanzania ilirithi mfumo wa leseni. Sheria ya mwaka 1991 ikafuatwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mara kadhaa serikali imetangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari. Magobori bado hutokea humo. Wapo mafundi wa vijijini wanaojua kuyatengeneza mpaka leo.

Hofu ya mjomba haikutoka hewani. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa kivita. Wanyamwezi na Wasukuma walijibu kwa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980: pinde, mishale, filimbi, na mwano, ule ukelele unaorushwa kutoka kijiji hadi kijiji mpaka mwizi akose pa kutokea. Nao walikuwa na ukatili wao, maana walihukumu wenyewe, na waliosingiziwa uchawi waliumia. Ila ukelele huo una kitu ambacho bastola haina: hauna maana ukiwa peke yako. Kisha zikaja vita vya Burundi na Rwanda, mwaka 1993 na 1994, wakimbizi wakavuka na bunduki zikavuka. Kwa miaka mingi mabasi ya upande wa Kasulu na Kibondo yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Waliopanda mabasi hayo wanajua kimya kilichokuwa kikiingia ndani ya gari mahali fulani msituni.

Huko Marekani, kwenye majimbo mengi, mtu huendesha gari na bastola yenye risasi karibu na mkono, na watu hubishana kama iwekwe kiunoni, mlangoni au chini ya usukani. Tarehe 6 Julai 2016, katika jimbo la Minnesota, polisi alimsimamisha Philando Castile, kijana mweusi mwenye kibali halali. Castile alimwambia kwa adabu kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye polisi akampiga risasi ndani ya gari, mchumba wake na mtoto mdogo wakiwamo, naye akafa. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachia polisi huyo. Kibali kilikuwapo na heshima ilikuwapo. Aliyesimama dirishani aliambiwa tu kuna bastola, na hofu yake ikamaliza kazi.

Nami nimewahi kuona mtu dirishani. Ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Tulikuwa tunarudi Tabora usiku, tumechelewa kwa pancha mbili. Mjomba alikuwa na fedha zilizobaki na ndoo za asali nyuma. Kwenye kona taa zikaangaza tawi kubwa, limelazwa katikati ya barabara. Pembeni wanaume wanne au watano, mmoja ana panga, mwingine tochi. Nikasikia mjomba akisema "Inama," kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Kitambaa kikaanguka kwenye miguu yangu. Nilipoinua jicho bastola ilikuwa mkononi mwake, chini ya kioo, na kijana mwenye tochi alikuwa anakuja moja kwa moja upande wake.

Kijana akainama dirishani akasema, "Shikamoo, mzee."

Mjomba hakuitikia. Kijana akashusha tochi, mwanga ukaangukia bastola. Aliiona. Nami nilimwona anaiona. Hakukimbia. Alibaki ameinama vilevile, akasema polepole kama mtu anayezungumza na ng'ombe mkali, "Mzee, tuna mama anajifungua. Magari mawili yametukimbia. Ndiyo tukakata tawi."

Alikuwa amelazwa kwenye machela ya miti kando ya njia, na mama yake anamshika kichwa.

Kimya kikawa kirefu. Kisha mjomba akaitoa magazini, akaitia mfukoni, akanitupia chuma mapajani. "Shika." Akateremka. Akasaidia kuwapandisha nyuma, akasogeza ndoo, akavua koti lake akamtandikia. Kumbe pale ndipo nilipojifunza uzito wa bastola. Niliishika mpaka hospitalini, mikono inatetemeka, hata bila risasi. Mtoto alizaliwa alfajiri. Mjomba alinunua chai ya wote, akamshika yule kijana bega, akashindwa kusema alichotaka kusema. Kijana akamwambia, "Hata mimi ningeogopa, mzee."

Hatukuwahi kulizungumza. Bastola haikuuzwa wala kurudishwa, nisikudanganye. Ilirudi kwenye sanduku la spana. Na mjomba akaanza tena kuteremsha kioo na kupunga mkono kila penye mtu, hata usiku, hata mahali nilipodhani si busara.

Nimefikiria mara nyingi kuhusu salamu ile. Kama kijana angekosa adabu kidogo tu, kama angegonga kioo badala ya kuamkia, leo mjomba angekuwa muuaji wa mtu aliyekuja kuomba msaada, na leseni yake ingekuwa safi kabisa. Mirambo na Stanley walipata miaka mitano ya kujua kwamba mwenzako njiani ana uso. Dirishani tulipata sekunde tatu hivi.

Kiswahili chetu kina neno mzinga. Ni mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa linaloning'inia kwenye miombo ya Tabora, na ni mzinga wa vita pia. Usiku ule gari letu lilibeba asali nyuma na risasi mbele, na dereva mmoja kuamua ni safari ya kipi. Wenzangu mnaoandika, nendeni mkawaulize wajomba zenu na madereva wa malori walichoweka chini ya viti. Kisha muwaulize ni nani aliyewahi kuwaamkia dirishani.